Safu ya Dh

2 Februari

Mwanangu Mdadisi,

Marahaba, maana najua ungekuwa mbele yangu ungekuwa umeshanipa shikamoo. Hamjambo huko? Mama yako presha imeshuka, au bado anakula chumvi kwa siri kama mwizi? Mimi sijambo, ila goti. Goti hili siku hizi lina ratiba yake, linaamka baada yangu. Cherehani nayo imekataa kushona mbele, inarudi nyuma tu, na nina sare arobaini za wanafunzi za kumaliza. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la vitambaa. Sijui nani alimwambia hapo ni wodi ya wazazi.

Sasa sikia. Redio imesema mchezo wetu wa Alhamisi, "Mlango Namba Tisa", unamalizika, na sehemu ya mwisho itaonyeshwa kwanza kwenye sinema, siku moja tu, Jumamosi ya tarehe 9 Mei alasiri, kabla haijaletwa kwenye televisheni. Miaka saba tunaitazama ile nyumba ya kupanga yenye milango tisa. Minane tumeingia yote, tunajua nani anamdanganya nani, lakini huo wa tisa haujafunguliwa hata siku moja. Ati siku hiyo utafunguliwa. Nikisubiri televisheni, majirani watakuwa wameshanimalizia uhondo.

Na katika sinema zilizotajwa, mojawapo ni hiyo unayokaa dirishani kukata tiketi. Nikatie viti viwili. Safu ya Dh, namba 7 na namba 8. Si safu nyingine, si namba nyingine. Baba yako asijue. Ndiyo maana naandika wala sipigi: simu yako ikilia humo ndani kwenu, kaka yangu huyo anajua ni nani kabla hujaishika. Barua nampa dereva wa basi la Jumatatu. Usimsumbue kwa maswali.

Wala usiniulize kiti cha pili ni cha nani.

Shangazi yako


11 Februari

Shikamoo Shangazi yangu,

Sisi wazima. Mama presha imeshuka, na chumvi anaificha kwenye kopo la majani ya chai, anadhani hatujui. Baba yuko karakana kutwa. Makochi ya hoteli moja yameletwa yote kwa mpigo, nyumba nzima inanuka gundi mpaka chai ina ladha ya gundi. Mwenzangu wa dirisha la pili, tunayemwita Bwana Chenji kwa sababu hajawahi kuwa na chenji, amenunua miwani mipya na sasa ndiyo haoni kabisa.

Shangazi, ungeona mambo ya hapa! Tiketi zitaanza kuuzwa tarehe 7 Machi, lakini watu wanakuja kila siku kuuliza, utadhani wanaulizia mgonjwa. Meneja ameweka sanduku mlangoni, kila mtu aandike anachodhani kiko nyuma ya mlango wa tisa. Nami nayasoma yote, Mungu anisamehe. Kuna aliyeandika "maiti". Kuna aliyeandika "mke wa kwanza". Mtoto mmoja ameandika "friji". Kinyozi wa mtaa huu ameandika kurasa tatu kuthibitisha kwamba ni mlango wa kutokea tu, na nyuma yake ni barabara. Wewe unadhani nini?

Lakini Shangazi, safu ya Dh haipo. Nimeangalia ramani ya viti, kisha nikaingia ukumbini mwenyewe, nikapita na kidole kuanzia mbele: A, B, C, D, E, mpaka P. Ulimaanisha D? Kalamu iliteleza? Nimemuuliza Bwana Chenji, akasema labda ni safu ya wadhamini.

Kiti cha pili sikuulizi. Ila kama ni yule fundi saa mgane uliyemshonea suruali mbili ndani ya mwezi mmoja, sema tu, sisi tutafurahi. Si swali hilo, ni mchango.

Mdadisi wako


24 Februari

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, paka ni wanne, na cherehani imepona. Fundi saa nilimshonea suruali mbili kwa sababu ya kwanza niliikosea. Umbea utakuua.

Kalamu haikuteleza. Hebu hesabu: a, be, che, de, dhe. Shuleni ulifuata nini? C peke yake si herufi, ni Ch aliyekimbiwa na mwenzake. Hayo ni maneno ya babu yako, ambaye hukumkuta. Alikuwa mchora mabango, na viti vya ukumbi huo aliviandika yeye, kimoja kimoja, kwa rangi nyeupe, kwenye mgongo wa kiti. Mwenye sinema alimpa karatasi yenye A, B, C. Babu yako akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema watu wanaongea kwa herufi zao basi na wakae kwa herufi zao. Ikawa A, B, Ch, D, Dh, E, F, G, Gh, mpaka nyuma. Watu walizoea. Wapenzi walikuwa wanakaa safu ya Kh, kule kwenye giza, na mhudumu mwenye tochi kabla hajafika hapo alikuwa anakohoa kwanza.

Dh ni ya tano. Hesabu vidole vya mkono mmoja utaipata. Kama leo imeandikwa kitu kingine, muulize aliyeiondoa. Mnakula naye meza moja.

Nyuma ya mlango wa tisa kuna mtu anayesikiliza. Hayo ndiyo mawazo yangu tangu mwaka wa kwanza. Na kuna mtu tulikuwa tunabishana naye kwa simu kila Alhamisi mpaka sikio linawaka, yeye anasema chumba ni kitupu. Basi, yamekwisha hayo.

Shangazi yako


9 Machi

Shikamoo Shangazi,

Wote wazima. Mama amegundua kwamba tumegundua chumvi, ameihamisha.

Sijui nianzie wapi. Juzi Jumamosi foleni ilitoka dirishani kwangu, ikazunguka kona, ikapita kwa kinyozi. Wanawake wamevaa kama yule mama mwenye nyumba wa kwenye mchezo, mashada ya funguo kiunoni, wakitembea ni kelele tupu. Mwanamume mmoja amekuja na mlango kichwani. Mlango mzima, Shangazi, wenye bawaba na namba tisa! Meneja akamwambia mlango nao ukiingia unakatiwa tiketi. Jamaa akasema sawa, akakata mbili.

Sisi wa dirishani tulikatazwa kujinunulia mpaka wateja ishirini wa kwanza wapite, na kila mmoja tiketi moja tu. Nikajiambia si neno, nani atakimbilia safu ya tano, shingo zitawauma. Mteja wa nne akawa mzee mmoja, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, miwani ya jua asubuhi ya mawingu. Akainama dirishani akasema, "Viti viwili, safu ya Dh." Kisha akakohoa. "E. Nimesema E. Saba na nane."

Nikamkatia. Ningefanya nini, na foleni inanitazama? Sheria ya dirisha ni kwamba hatumtaji mteja, kwa hiyo simtaji. Nasema tu kwamba kwenye kucha zake kulikuwa na gundi iliyokauka, na kwamba hakunitazama machoni hata mara moja.

Saa saba mchana ukumbi ulikuwa umejaa. Tiketi yangu moja nimekuchukulia F 7, nyuma tu ya kile ulichokitaka. Nisamehe Shangazi, cha pili nimekikosa.

Mdadisi wako


20 Machi

Mwanangu,

Msalimie mama yako. Paka wawili wamepata kwao. Goti linaniuma kwa hasira.

Sikuji. Nipande basi siku nzima nikakae nyuma ya kiti changu, nikitazama kisogo cha mtu? Mpe tiketi yule mwenye mlango kichwani, huyo ameonyesha nia.

Hapo juu niliandika asubuhi. Kisha nikakaa kwenye cherehani, nikakata shati lenye mikono miwili, yote ya kushoto. Kwa hiyo bora nikuambie, maana nisipokuambia utaniandikia kila wiki na mimi nitawavalisha wanafunzi vituko.

Siku babu yako anaandika vile viti mimi nilikuwa na miaka sita, baba yako tisa. Kazi yetu ilikuwa kushika makopo ya rangi. Babu yako akatoka kwenda kunywa maji, nami nikachukua brashi. Alikuwa ameacha D ya kiti cha saba, safu ya tano. Nikaimalizia kwa h. Ikatoka na mguu mmoja mfupi, inachechemea kama mimi leo, na rangi ikachirizika mpaka chini. Babu yako aliporudi akauliza nani kafanya hivi, na baba yako akasema, "Mimi." Akachapwa yeye. Ile h ikaachwa vilevile. Babu yako alisema akiifuta itaonekana zaidi. Tangu hapo kila tulipoingia sinema tulikaa hapohapo, mimi saba, yeye nane, na hakuna siku aliyonikumbusha kwamba alichapwa kwa ajili yangu.

Miaka mitatu iliyopita ukumbi ulitengenezwa upya, na kazi ya viti akapewa baba yako. Hakuniambia. Nilikuja kuwatembelea, utakumbuka, nikaenda sinema peke yangu mchana, nikakuta sponji mpya, kitambaa chekundu, na vibati vya A, B, C. Kila herufi ya baba yetu imepigwa msasa. Nikatoka mbio hadi karakana, nikamwambia, "Umemfuta baba kwa mkono wako mwenyewe." Alikuwa ameshika misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja, akasema, "Ni kazi tu." Nikapanda basi jioni ileile. Angenitukana, tungegombana yakaisha. Lakini "ni kazi tu" unaijibu vipi?

Kiti cha pili kilikuwa chake. Nilitaka umpe tiketi siku yenyewe, asipate muda wa kukataa. Haya, umeridhika?

Huyo mzee wa kofia, kile kikohozi kilikuwa cha ugonjwa au cha aibu? Na hicho kiti kingine anampeleka nani?

Shangazi yako


16 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nimejikuta na ahadi mbili zisizokaa chumba kimoja.

Kikohozi kilikuwa cha aibu. Sheria ya dirisha naivunja, wewe ni damu. Baba ana afya, anakula, ananung'unika, kila kitu kinafanya kazi. Nilimuuliza mezani anampeleka nani sinema. Akasema anapeleka koti lake. Mama akacheka mpaka akapaliwa, kisha akaacha kucheka ghafla akamtazama.

Na nikuambie hili ambalo nadhani hulijui. Kila Alhamisi mchezo ukiisha, baba huchukua simu, huitazama, hufuta kioo chake kwa shati, huirudisha mfukoni. Miaka mitatu. Mama humwambia, "Si umpigie tu." Yeye huuliza, "Nani?"

Sasa ile ahadi nyingine. Wiki iliyopita niliingia karakana kutafuta futi. Nyuma ya mabunda ya sponji nikakuta kitu kimefungwa kwenye pazia la zamani la mama, lile la maua. Wewe unanijua, nikafungua. Nilikuwa bado nimekishika nikasikia baba nyuma yangu: "Ukimwambia shangazi yako ulichokiona, utafute baba mwingine." Hakuwa mkali, Shangazi. Alikichukua mikononi mwangu akakifunga tena kwenye pazia, polepole. Nimewahi kusoma siri za watu mia nne kwenye sanduku la meneja na sikuwahi kujisikia hivyo, nimejisikia kama nimemkuta anaoga.

Kwa hiyo siwezi kusema. Nasema njoo. Tiketi ya F 7 nimeiweka humu ndani, mwenye mlango hakupata.

Mdadisi wako


4 Mei

Shikamoo Shangazi,

Wazima wote. Basi la Jumatatu limekuja mara mbili, na dereva anasema hujampa kitu. Nimemuuliza kama umekasirika, akasema yeye ni dereva. Nimemuuliza ulikuwa umevaa nini, akapandisha kioo.

Jumamosi imebakiza siku tano. Unakuja? Niandikie hata neno moja. Hata "ng'o".

Mdadisi wako


18 Mei

Mwanangu,

Marahaba zote ulizonidai. Nimefika salama, goti limevimba, na halijawahi kuvimba kwa sababu nzuri namna hii. Kwa haraka za basi hatukupata nafasi ya kuzungumza, na wewe ulikuwa mlangoni unachana tiketi, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona. Kwanza nikushukuru: ulinichania tiketi bila kusema neno. Wewe! Nilidhani unaumwa.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa najua jibu. Hata asubuhi ya safari nilikuwa nimeshika kapu, naliweka chini, nalishika tena.

Niliingia watu wameshajaa, funguo zinalia kila upande, na yule jamaa kweli amekaa na mlango wake. Nikaifikia F 7. Mbele yangu kidogo kulia, kile kisogo. Amepata mvi nyuma ya masikio, hukuniambia. Pembeni yake kiti cha saba, kitupu, kimelaliwa na koti. Nikasema moyoni, kumbe alisema kweli, kaleta koti.

Kisha nikakaa, na macho yakashuka kwenye mgongo wa kile kiti. Viti vyote vya ukumbi vina kitambaa chekundu na kibati. Hicho kimoja hakikuwa na kitambaa. Ni ubao mtupu, ule wa zamani, na rangi nyeupe: Dh 7. Ile h inachechemea, na mchirizi wangu umefika mpaka chini. Nikaugusa kwa kidole. Haukuwa wa kunakili, mwanangu. Ulikuwa ni ule ule. Hapo nililia, na mama wa funguo aliyekuwa jirani yangu akanipa leso akidhani nalilia mchezo kuisha.

Wakazima taa. Usiniulize kilichoonyeshwa, nilikuwa nasoma herufi mbili tu. Mpaka mwisho kabisa, mama mwenye nyumba anavuta funguo, anasimama mbele ya mlango wa tisa. Nikainama kwenye sikio lile nikasema, "Chumba kitupu?"

Hakugeuka. Akasema, "Kitupu."

"Kuna mtu anasikiliza."

"Basi njoo umsikilize huku. Kiti kimepoa."

Akaondoa koti. Sasa mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nizunguke safu nzima kukanyaga miguu ya watu? Nikapandisha goti juu ya mgongo wa kiti. Likakwama. Baba yako akasimama kunivuta, watu wakapiga kelele "Kaeni chini!", yeye ananiambia "Inua mguu," mimi namwambia "Mguu wa nani unaushika, huo ni mkoba," na hapo ukumbi mzima ukapiga ukelele mmoja, "Aaah!" Tulipokaa sawasawa, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda na taa zimewashwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Zote nilizipiga msasa, nilikuwa nimeagizwa. Nilipofika hiyo mkono ulikataa. Nikaung'oa ubao, nikatia mwingine, ule wa zamani nikaupeleka nyumbani." Nikasema, "Na mbona uliniambia ni kazi tu?" Akasema, "Hukuniuliza. Ulikuja kuniambia." Na ni kweli, mwanangu. Kwa miaka mitatu sikuuliza hata swali moja, mimi ninayekuita wewe mdadisi.

Anasema meneja amemruhusu auache ubao ulivyo. Ijumaa mchana, siku moja kabla ya onyesho, alikuwa amemdanganya meneja kwamba kiti kinacheza, anaingia kukikaza.

Sasa kuna tatizo. Baba yako amenipigia Alhamisi. Hakuna mchezo tena, lakini kapiga, na anashikilia kwamba chumba kilikuwa kitupu na kwamba aliona kwa macho yake. Mwongo! Alikuwa ameipa skrini mgongo, ameshika mguu wangu. Nami nikamwambia niliona mtu ameketi. Tumebishana mpaka sikio limewaka. Huku majirani wananijia kila siku, "Dada, ulikuwepo, tuambie," na mimi najivuna, nasema siwezi kuwaharibia uhondo. Televisheni wataileta mwisho wa Juni, na mimi sitaweza kuvumilia mpaka huko.

Wewe ulisimama pale mlangoni uso umeelekea mbele. Niambie haraka, kabla ya Alhamisi, nimshinde: kulikuwa na nini?

Shangazi yako


25 Mei

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mama chumvi ameacha, anasema nyumba hii haina faragha.

Baba alikuja dirishani kwangu Ijumaa, na kofia yake na miwani yake, akapanga foleni nyuma ya watu wawili, akainama akaniuliza kwa kunong'ona swali hilohilo ulilouliza wewe. Nimemjibu kama ninavyokujibu: sijui. Miezi mitatu nimesoma makaratasi yote ya lile sanduku, kurasa tatu za kinyozi nazijua kwa moyo, na mlango ulipofunguka watu wote walikuwa wanatazama mbele isipokuwa mimi. Nilikuwa nawatazama nyinyi mnavyovutana juu ya kiti. Nimekataa kumuuliza mtu yeyote.

Televisheni wanaionyesha Alhamisi ya tarehe 25 Juni. Baba anasema uje uitazamie hapa kwetu. Kochi letu la sebuleni amelitia sponji mpya wiki hii, na nyuma, kwenye ubao, ameandika D kubwa nyeupe. Kopo la rangi amelifunika, brashi ameiosha na kuiweka juu yake. Nilimuuliza mbona hajamaliza. Akasema h si kazi yake.

Mdadisi wako